Mumeo Tumemkamata

Jamani, tangu Jumatatu simu yangu inashinda kwenye ndoo ya rangi. Ndoo ya lita 20, ukoko mweupe bado umeganda mdomoni! Ukifika getini kiwandani kwetu Kizota, mlinzi anakunyooshea kama kapu la sadaka, nawe unatumbukiza.

Sababu tumeelezwa, sikatai. Mashudu ya alizeti yanaoshwa kwa heksani, kimiminika kinachowaka upesi kama petroli, ili yatoe mafuta yaliyogoma kwenye mashine ya kukamua, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama mdaiwa anayepita nje ya duka la Mangi. Cheche moja tu, tunaandikwa marehemu. Sawa. Kikokotoo cha karani wa mizani, ndooni. Dogo wa bohari kanyang'anywa tochi, kaambiwa macho anayo.

Jana sasa. Mke wangu, Mama Neema, kapiga anataka namba za Luku, za kuingiza umeme. Mlinzi, kachoka kusikia ndoo ikiimba, akapokea: "Shemeji, ya mumeo tumeikamata getini." Upepo wa Dodoma mnaujua. Mwenzangu kasikia "mumeo tumemkamata."

Saa tano naitwa getini. Bajaji imesheheni: mke wangu na chupa ya chai na shuka, shemeji yangu, mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake, na bibi mmoja simjui.

"Umeiba nini, baba Neema? Sema tulipe!"

Mwenyekiti akakohoa. "Naomba nimdhamini mwananchi wangu."

Mlinzi, badala ya kufafanua, anajibu: "Anatoka saa kumi na moja." Mke akakaa chini, vumbini.

Nikajiweka sawa, nikatamka kama waziri: "Mama Neema, kilichokamatwa ni simu." Uwaziri ukaishia hapo, maana dereva anadai hela ya kuja, kurudi na kusubiri. Hela iko wapi? Kwenye simu. Simu? Ndooni. Na mlinzi anasema kanuni hairuhusu kuitoa kabla zamu haijaisha! Ndugu zangu, nimesimama nje ya geti! Heksani iko kule, mimi niko huku, nanyimwa simu yangu ili isilipue nini, bajaji?

Mwenyekiti akalipa. Leo kanigongea kabla ya jogoo.

Namba zenyewe 20 tumeziingiza usiku, mke anasoma, mimi nabonyeza, tukakosea mara mbili. Yule bibi, kumbe alikuwa anakwenda Soko la Majengo kununua mlenda mkavu. Aliiona bajaji inapita, akapanda. Na nauli yake nayo iko kwenye deni langu.