Reli Yangu ya Uani na Stesheni Masta Asiyestaafu

Nchi hii mtu akistaafu anaruhusiwa mambo mawili tu: kufuga kuku na kununua bajaji. Kuku wafe kwa kideri, bajaji imalizwe na dereva, basi, ndugu na majirani wanaridhika, wanasema mzee wa watu alijitahidi. Ukitoka nje ya hayo mawili unaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi nimejenga reli. Reli ndogo, uani kwangu hapa Morogoro, kati ya bomba la maji na mwembe. Tangu hapo mashemeji wananipigia simu kuuliza, "Shemeji, afya lakini ipo?" Na hiyo "lakini" wanaivuta mpaka vocha inakaribia kuisha.

Chanzo ni mtoto wa dada yangu aliyeko Ujerumani. Wajomba wengine wanaletewa simu, wanaletewa koti la baridi wavae Februari kwenye joto ili tujue wana mtu Ulaya. Mimi aliniletea sanduku la treni ndogo ya mfano aina ya LGB, iliyokwisha kutumika, kapewa na mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba. Treni hizi zilianza kutengenezwa Nuremberg mwaka 1968, na zimetengenezwa makusudi zikae nje, zinyeshewe, zipigwe jua. Ndani ya sanduku kulikuwa na kichwa kimoja, mabehewa mawili, na vipande 12 vya reli vilivyopinda, ukiviunga unapata duara la kipenyo cha mita 1.2 na kitu. Vipande vilivyonyooka akawa anavituma kidogo kidogo kwa kila anayerudi nyumbani. Kuna mama mmoja aliyekuja kumzika baba yake, na kwenye begi lake, chini ya vitenge vya msiba, kulikuwa na mita mbili za reli yangu. Mungu amjalie.

Sasa sikilizeni hesabu, maana ndiyo iliyonikamata. Reli hiyo ina upana wa milimita 45. Vitu vyake vimepunguzwa mara 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata mita moja na milimita kumi na kidogo. Na mita moja ndiyo upana wa Reli ya Kati! Hii hii yetu, iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kumbe mpwa wangu hakuniletea mchezo wa watoto, kaniletea Reli ya Kati kwenye sanduku. Nilimwamsha mama watoto usiku kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama na ada ya mjukuu imo humo kwenye milimita, akageukia ukutani.

Niliendelea na hesabu peke yangu gizani. Kutoka Dar mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250. Punguza mara 22.5, zinabaki kilomita 55 na ushee. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, na humo imo nyumba, choo cha nje na kaburi la mbwa. Nikaamua niishie Kilosa.

Ujenzi haujaanza, tatizo la ardhi likaanza. Njia kutoka bombani kwenda mwembeni inapita katikati ya mchicha wa mama watoto. Nikamwita kistaarabu kumweleza manufaa ya mradi. Huyu mwanamke husikiliza taarifa ya habari kuliko ninavyodhani, maana aliniuliza, "Upembuzi yakinifu umefanyika? Wananchi wameshirikishwa?" Kisha akataka fidia. Mchicha matuta mawili, matembele tuta moja, na mche wa mpapai uliofika gotini, ambao alitaka ulipwe kwa mapapai utakayozaa maishani mwake wote. Nikasema bajeti haijapitishwa. Kesho yake nikaamka nikakuta kiti changu cha uvivu, kile cha barazani, kimepigwa X kubwa nyekundu. Mtanzania yeyote aliyewahi kujenga karibu na barabara anajua X nyekundu maana yake nini. Nililipa. Matembele peke yake yalinigharimu kitenge doti nzima.

Fundi naye. Nilimwita kijana anichimbie mtaro wa sentimita kumi, tumwage kokoto ndogo, tupige pimamaji, basi. Ardhi ya hapa inatelemka kutoka Uluguru haina breki, na treni ya aina hii ukiipa mlima mkali mno, magurudumu yanazunguka tu palepale. Kwa hiyo kusawazisha ni lazima. Fundi akatazama, akajishika kiuno, akaniorodheshea: saruji mifuko sita, mchanga tripu moja, nondo za milimita 12. Nikamuuliza nondo za nini, treni yenyewe nainyanyua kwa mkono mmoja. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, treni ni treni." Nikampa nusu ya malipo, akaenda msibani Ifakara. Mpaka leo marehemu hajazikwa.

Mtaro nilichimba mwenyewe na mjukuu. Kumbe kutandika reli ni kazi ndogo. Kazi ni umeme. Plagi ya Kijerumani ina miguu miwili ya mviringo, soketi zetu zina matundu matatu ya mraba. Ikabidi nifanye wanachofanya watu wote nchi hii: kalamu ya biki kwenye tundu la juu, halafu plagi unaisukuma huku umefumba jicho moja. Kutoka hapo kuna kiboksi kinachopunguza umeme, treni inapata volti zisizozidi 24. Hazifiki popote. Lakini uniti za luku zikiisha, nani kazila? Friji linalonguruma usiku kucha halijatajwa. Pasi haijatajwa. Imetajwa treni. Mama watoto ana mazoea ya kusoma mita kwa sauti, kama anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Tulipowasha mara ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka kwa jogoo. Wale Wahindi waliojenga daraja la Tsavo mwaka 1898 walisumbuliwa na simba wawili, na simba wale wamekuwa maarufu dunia nzima. Jogoo wangu hakuna anayemwandika. Ana kimo cha sentimita 40. Zidisha kwa 22.5: mita 9! Jitie kwenye nafasi ya dereva. Unatoka stesheni ya Morogoro salama, unakata kona ya ndoo, mbele yako kuna jogoo wa ghorofa tatu amesimama relini kwa mguu mmoja, anakutazama kwa jicho la upande. Hapigiwi honi. Alikidonoa kichwa cha treni mpaka kikaacha njia, akapanda juu ya behewa akawika. Nilipotamka neno pilau, mama watoto akanikumbusha kwamba jogoo alikuwepo hapa kabla ya reli.

Adui mwingine ni vijana wa vyuma chakavu. Reli hizi ni za shaba ya njano, hazishiki kutu, na Mjerumani aliona hiyo ni sifa. Mjerumani hakumjua kijana anayepita mtaani kwetu na kiroba na mizani. Alisimama kwenye uzio, hata hakuniamkia, akasema, "Babu, hiyo inakwenda kilo ngapi?" Nikamwambia hii ni reli, inatumika. Akasema, "Sawa, ikichoka niite." Akaondoka, lakini kila akipita anapunguza mwendo na midomo inachezacheza, anapiga hesabu. Kwa hiyo sasa kila jioni nafumua reli nzima kipande kwa kipande, naingiza ndani chini ya kitanda, na asubuhi natandika upya. Wajerumani walitandika mara moja mpaka Kigoma. Mimi natandika Morogoro–Kilosa kila siku ya Mungu, mgongo ukiwa wa mstaafu.

Nilikuwa nimesema naishia Kilosa kwa ajili ya kiwanja, lakini hata angenipa mtu eneo, mbele ya Kilosa nisingekwenda. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinafuata bonde la mto Mkondoa, na Mkondoa ukifura hauna adabu. Mwishoni mwa 2009 na kuingia 2010 ulisomba reli. Nikajiona mjanja. Masika ilipoingia nikagundua kuwa jirani wa juu kaezeka bati jipya na maji yake yote kayaelekeza kwangu. Hajachimba mfereji, hajaweka tangi, anasema maji ni ya Mungu. Mvua moja tu, kokoto zangu zote zikahamia kwa jirani wa chini, ambaye anasema nazo ni za Mungu, na kazimwaga mlangoni kwake asikanyage tope.

Na mimi wala silalamikii hayo sana. Watoto wa mtaa ndio wananikata maini. Wamezoea SGR, ile reli mpya ya umeme iliyoanza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, inayokufikisha Dar kwa chini ya saa mbili. Wanakuja kwangu wanachungulia, wanauliza, "Babu, nguzo za umeme ziko wapi?" Naeleza kwamba hii ni reli ya mita moja, ile ni ya milimita 1,435, kwamba historia ya mji huu wote imekuja juu ya hii nyembamba. Kuna kimoja, kina miaka kama saba, kiliniambia kwa upole, "Kwa hiyo ni ya zamani." Nilipiga hesabu kwa hasira tu: SGR kwa kipimo hiki ingetaka upana wa milimita 64. Yaani na kile kipande cha mchicha kilichobaki. Sithubutu.

Yote hayo, nasema, ningeyabeba. Asingekuja Masta.

Masta ni jirani wa nyumba ya nne, mzee kuliko mimi, stesheni masta mstaafu wa vituo vya huko Tabora kwenda Kigoma. Kwa miaka mingi nilimjua kama mtu wa kusalimia na kupita. Siku aliposikia mlio wa treni uani kwangu alikuja amevaa kaunda suti, na kwapani ana bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Nikasema, "Shikamoo Masta." Akasema, "Marahaba. Nani kakuruhusu kuondoa treni?"

Tangu hapo sijaendesha treni yangu kwa raha. Reli nzima ni mita saba kwenda, saba kurudi. Treni ni moja. Haiwezekani igongane na kitu isipokuwa jogoo. Masta anasema njia moja ni njia moja, treni haitoki kituoni mpaka dereva apewe laini klia, karatasi ya kuthibitisha kwamba njia iko wazi mpaka kituo kinachofuata. Kituo kinachofuata ni Kilosa, pale mwembeni, na stesheni masta wa Kilosa ni yeye yeye.

Basi anasimama Morogoro, pale bombani, anapaza sauti: "Kilosa, Morogoro hapa. Njia iko wazi?" Kisha anatembea taratibu, haraka haipo, mpaka mwembeni. Anageuka. "Morogoro, Kilosa hapa. Subiri." Anakaa kwenye kigoda. Namuuliza, Masta, tunasubiri nini? Ananijibu bila kunitazama kwamba Kilosa inakunywa chai. Chai yenyewe imetoka jikoni kwangu, na andazi. Akimaliza anafuta mikono, anajibu njia iko wazi, anarudi Morogoro, anaandika karatasi kwa mwandiko wa zamani uliolala upande, anapiga sahihi, ananikabidhi. "Dereva, soma kwa sauti." Mimi! Uani kwangu! Nasoma. Ndipo bendera ya kijani inapanda, na treni inakwenda mita saba kwa muda wa kumeza mate.

Halafu anatoa daftari, anaandika: treni imechelewa dakika 40. Sababu: dereva.

Amenilaumu pia kwa kuruka Mkata na Kimamba. Anasema huwezi kwenda Kilosa bila kupita Kimamba, wananchi wa Kimamba watasemaje. Nikamwambia hakuna nafasi, pale katikati ni mchicha. Akaenda kujadiliana na mama watoto ana kwa ana, na yule aliyenikatalia mimi mume wake wa ndoa akamkatia Masta eneo la Kimamba bure, bila fidia, kwa sababu Masta aliomba kwa barua.

Wiki iliyopita Masta alikuwa Kilosa kwenye chai, bendera nyekundu kaichomeka Morogoro. Mjukuu wangu akazungusha kitufe. Treni ikaondoka bila laini klia, ikaipita bendera nyekundu, ikafika Kilosa ikamkuta stesheni masta ana andazi mdomoni. Hakusema neno. Akameza, akafunga daftari, akaenda kwake.

Kesho yake ikaja bahasha. YAH: KUJIELEZA. Natakiwa, kwa maandishi, ndani ya siku saba, nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kupita ishara ya hatari na kumruhusu mtu asiye na cheti kuendesha kichwa cha treni. Nakala: Mke wa Dereva. Nakala: Faili. Mama watoto nakala yake kaibandika kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi, baada ya kusoma mita ya luku kwa sauti, anasoma na siku zilizobaki. Mjukuu anasema hatatoa ushahidi mpaka anunuliwe chipsi.