Mguu wa boti umechakaa: ununue mwingine au uzibe tundu?

Tulipofungua bolti ya chini ya mguu pale mchangani Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Fundi akaiacha idondokee kwenye kopo. Akaichukua ile bolti, ambayo ncha yake ina sumaku, akaipangusa kwa kidole gumba na kunionyesha manyoya ya chuma. Katikati yake kulikuwa na kipande kama punje ya mchele. "Mzee, hili ni jino la gia," akasema. Tangu siku hiyo mimi na shemeji yangu, tunaomiliki boti hii kwa ubia, hatujakaa meza moja bila kubishana.

Kwa asiyeijua mitambo hii: boti yetu ni ya faiba, futi 19, imetengenezwa 1992. Injini yake, MerCruiser ya V6 lita 4.3, imelala ndani, nyuma kabisa. Nguvu inapita kwenye tundu la ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, na kuingia kwenye mguu ulioning'inia nje, wenye gia, propela na usukani kwa pamoja. Wenyewe huuita stendraivu. Huku kwetu ni "mguu" tu. Volvo Penta ndio waliouingiza sokoni mwaka 1959, na MerCruiser wakafuata miaka michache baadaye. Ni ubunifu mzuri, maana unapata injini kubwa kama ya gari na bado unaweza kuinua propela ukikaribia ufukwe. Lakini boti yenye mguu wa aina hii ni adimu huku. Kuanzia Itungi hadi Ikombe utakuta mashine za nje za Yamaha, zinazoning'inia nzima nyuma ya boti, za stroku mbili, farasi 15, 25 na 40, na kila kijana aliyekulia ufukweni anajua kuzifungua.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Shemeji anataka mguu mwingine. Mimi nilitaka tuitoe injini yote, tuzibe tundu la tezi kwa plaiwudi na faiba, tufunge mashine za nje.

Hoja za shemeji si za kubeza. Injini yenyewe ni nzima. Tulipima mgandamizo kwenye silinda zote sita na tofauti ilikuwa ndogo. Kuitupa injini nzima kwa sababu ya mguu mbovu, anasema, ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ana kwato mbaya. Pili, boti ilichorwa ikitarajia uzito wa karibu kilo 400 chini kabisa nyuma. Ukiuondoa na kufunga Yamaha mbili za 40, ambazo pamoja hazifiki kilo 200 na zinakaa juu, mlalo wa boti unabadilika. Kipupwe pepo za mwera zinapopanda kutoka kusini na ziwa kuinuka, hutaki kugundua katikati ya safari kwamba boti imekuwa na tabia mpya. Na mashine moja ya 40 haitaipandisha boti hii juu ya maji ikiwa na watu kumi na wawili; italima tu mawimbi kama plau.

Hoja zangu zilianzia kwenye mchanga. Matema hatuna gati, boti inapandishwa ufukweni. Mashine ya nje ukiilaza inatoka majini yote. Mguu wa stendraivu hata ukiinuliwa hadi mwisho, sehemu yake inabaki imezama, na pale unapoungana na boti kuna mipira iliyokunjamana kama akodiani inayozuia ziwa lisiingie ndani. Mpira huo ukichanika usiku boti ikiwa imetia nanga, asubuhi unakuta pua tu. Halafu masika mito Mbaka na Lufilyo inashusha matope na magogo kutoka Rungwe, na tope lile likipita kwenye pampu ya maji linaila impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji, kama msasa. Petroli nayo ina neno lake: V6 hii ikikanyagwa hadi mwisho inameza takriban lita 60 kwa saa. Kwa safari za kupeleka wageni kuona wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, safari ambayo wenyeji wanaifanya hata kwa mtumbwi, hesabu hiyo inauma.

Lakini hoja niliyoitegemea kuliko zote ni ya spea. Mashine ya nje ikigoma, spea unaipata Kyela au ukikosa kabisa unapanda gari hadi Mwanjelwa, Mbeya mjini. Mguu huu ukigoma unapiga simu Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya mjini, na unaomba Mungu anayepokea simu ajue unachosema.

Hilo la kujua unachosema limetugharimu tayari. Shemeji alikwishanunua mguu wa mtumba kwenye duka moja la Dar kabla hatujakubaliana. Ulifika juu ya lori la mchele, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Namba zake zilikuwa zimekwanguliwa. Fundi wetu hakubishana na mtu. Aliulaza juu ya matairi mawili, akauingiza gia ya mbele, akachora alama ya chaki kwenye shafti ya juu na nyingine kwenye propela. Akaizungusha shafti ya juu mara 20, sisi tukihesabu propela. Kwa injini yetu uwiano wa gia, yaani shafti izunguke mara ngapi ili propela izunguke mara moja, unatakiwa uwe 1.81, kwa hiyo propela ingezunguka mara 11. Tulihesabu kumi na tatu na nusu. Ule ulikuwa mguu wa 1.47, wa V8 kubwa. Ungeingia kwenye bolti zote sita bila tatizo, boti ingetembea, na injini ingehangaika kama lori linalopanda mlima likiwa gia ya tano, isifike mizunguko 4,400 kwa dakika inayotakiwa ikikanyagwa mwisho, hadi ipasue kitu. Muuzaji alisema kwenye simu kwamba "zote ni Alpha." Kweli, zote ni Alpha, jina la aina ya miguu ya MerCruiser. Na hata hizo Alpha, za kabla ya 1991 na za baada ya hapo hazibadilishani hivi hivi.

Kwa hiyo anayefikiria mtumba ahesabu kwanza kwa chaki, ndipo atoe pesa.

Kuna jambo ambalo sisi sote wawili, katika kutafuta ushindi, tulilisahau: mguu wa zamani uliuawa na nini? Tungeufunga mpya bila kujibu hilo, tungeuua na huo. Fundi alipouvuta wa zamani alikuta krosi, viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda, zimekauka grisi na beringi ya kwenye tezi inakwaruza ukiizungusha kwa kidole. Ule muungurumo tuliokuwa tunausikia boti ikikata kona ndio huo. Mguu unatakiwa ushushwe kila mwaka, upakwe grisi, na mstari wa injini upimwe kwa fimbo yake maalumu. Wetu haukuwa umeshushwa tangu tununue boti. Sina wa kumlaumu.

Na anodi. Hivi ni vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mguu ili kutu ivile vyenyewe iuache mguu wa aluminiamu. Yetu ilikuwa ya zinki, na juu yake mtu alikuwa amepaka rangi, eti ipendeze. Anodi iliyopakwa rangi haifanyi kazi yoyote. Hata isingepakwa, zinki ni ya baharini. Kwenye maji baridi kama ya Nyasa inajifunika utando na kulala. Huku inatakiwa magnesiamu. Ukingo wa nyumba ya sili ya propela ulikuwa umeliwa hadi umeota vishimo, na maji yaliyogeuza oili kuwa chai yaliingilia hapo.

Baada ya kuyaona hayo, msimamo wangu ulilegea. Nilikuwa nimeuhukumu mguu kwa makosa ya wenye mguu. Kilichobaki kuamua kwangu ni ubao wa tezi, kwa sababu ukiwa umeoza ndani, mguu mpya ni kumvika maiti suti. Hapo ni kubomoa, na ukishabomoa afadhali uende moja kwa moja kwenye mashine za nje. Tuligonga kwa nyundo ndogo tezi nzima. Ililia kavu kila mahali isipokuwa kona moja ya chini, tukaitoboa kwa biti nyembamba: unga uliotoka ulikuwa na unyevu kidogo, lakini bado ni mbao, si tope.

Basi nimempa shemeji ushindi wake, kwa masharti. Mguu ni mpya, wa 1.81, si mtumba. Beringi, krosi, mipira yote na impela vinabadilishwa siku hiyo hiyo. Kila Novemba, kabla ya mvua, mguu unashuka. Na siku V6 hii itakapokufa hatuitafutii nyingine, tunaziba tundu. Angekuwa mtu mwingine, mwenye injini iliyochoka au boti ya futi 16 ya kubeba watu sita, ningemwambia azibe leo.

Mguu wa chaki umerudi Dar, na nauli ya lori tumelipa sisi. Ule wa zamani umening'inizwa kwenye mwembe nyuma ya banda, kwa sababu gia za nusu ya juu bado ni nzima. Anodi za magnesiamu bado hatujazipata. Duka la tatu nililopiga simu waliniuliza kama ni dawa.