Wanangu Si Vibarua

Juzi nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Picha ya kawaida kabisa: wanangu watatu bandani, matope hadi magotini, wa kati amempakata mwanambuzi aliyezaliwa alfajiri ile. Watu wakaanza na hongera. Kisha wifi yangu, shangazi yao hawa watoto, mtu ninayemheshimu na aliyetushika mkono tulipokuwa tunaanza maisha, akaandika: "Wifi, mmevuka bahari yote hiyo ili watoto wakawe vibarua wa shamba? Kwa nini hamuwapeleki shule kama watoto wa wenzenu?" Wengine wakadakia. Mmoja akaleta ule msemo tuliokua nao wote: usiposoma, utalima.

Pale kundini sikujibu. Mkubwa hajibiwi mbele za watu, na isitoshe jibu langu ni refu. Nimekesha nalo, naliandika hapa.

Nianze na la sheria nilimalize, maana naona kuna wanaodhani tumewaficha watoto. Watoto wetu tunawasomesha nyumbani, na Pennsylvania, jimbo la Marekani tunakoishi, iliwaruhusu rasmi wazazi kufanya hivyo mwaka 1988. Kila mwaka tunapeleka hati ya kiapo kwa mkuu wa wilaya ya shule. Mtoto wa ngazi ya msingi anatakiwa kusoma siku 180 au saa 900, wa sekondari saa 990. Tunatunza jalada la kazi zao na orodha ya vitabu walivyosoma, wanafanya mtihani darasa la 3, la 5 na la 8, na mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa za ualimu anakaa na mtoto ana kwa ana, anamhoji, anapekua jalada lote. Barua yake lazima ifike ofisini kabla ya 30 Juni kwisha. Hata somo la kujikinga na moto limeandikwa kwenye sheria, kila mwaka lifundishwe. Naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, hata inaponichosha. Mtoto asiyeonwa na mtu yeyote nje ya nyumba yake anaweza kuteseka bila mtu kujua, na mzazi anayemfungia mwanawe ndani kwa kisingizio cha masomo simtetei.

Sasa la vibarua, ambalo ndilo lililoninyima usingizi.

Sisi tuliosoma Tanzania tunajua jembe lilivyoingia shuleni. Umechelewa namba, kalime. Umeongea Kiswahili wiki ya Kiingereza, chukua fyekeo. Umefeli jaribio la hisabati, kuna kisiki kinakungoja nyuma ya bweni. Nimelima bustani ya mwalimu miaka yangu yote ya sekondari, na sikuwahi kuambiwa mahindi yale yaliuzwa bei gani, mbegu ilitoka wapi, wala kwa nini matuta ya juu yalistawi na ya bondeni yakadumaa. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Njombe. Ada yangu ililipwa na viazi vya mama yangu, gunia kwa gunia. Halafu nafika shule nakuta kazi ya mama yangu ndiyo adhabu ya watoto wakorofi! Jiulize mtoto anajifunza nini hapo kuhusu mama yake. Jiulize pia nchi inajifunza nini, nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake wanaofanya kazi wanaishi kwa kilimo, inapowafundisha watoto wake kwamba kulima ni mahali unapotupwa ukishindwa.

Na haikukusudiwa hivyo. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Tunakumbuka kipande kimoja tu: kila shule iwe na shamba. Kipande cha pili tumekizika. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, walime nini, mapato yaende wapi, na waone kwa macho uhusiano kati ya jasho lao na maisha yao pale shuleni. Shule nyingi zilichukua jembe zikauacha uamuzi kwa mwalimu mkuu. Hapo shangazi ana haki yake. Mtoto anayelima bila kuamua chochote ni kibarua kweli, tena asiye na ujira.

Ndiyo maana nataka mjue kinachofanyika hapa kwetu majira haya ya kuchipua.

Tuko kaunti ya Lancaster, ekari chache tu: mbuzi wa maziwa, kuku, bustani ya mboga, na miti michache ya mepo (maple), ambayo utomvu wake hupikwa shira tamu, nyuma ya nyumba. Mwisho wa Februari, mchana theluji inayeyuka na usiku kunaganda tena, na hapo ndipo utomvu wa mepo unapopanda. Galoni kama 40 za utomvu zikichemshwa hubaki galoni 1 ya shira, na kitinda mimba wangu alijifunza uwiano kwenye hiyo sufuria kabla hajaujua kwenye kitabu. Hilo lilipita haraka. Kazi yenyewe huanza Machi, mbuzi wanapozaa.

Mbuzi hubeba mimba takriban siku 150. Oktoba binti yangu mkubwa ndiye aliyechagua beberu wa kumkodi kwa jirani, baada ya kupitia rekodi za maziwa za mama wa beberu huyo. Aliandika tarehe, akahesabu mpaka Machi, akapanga zamu za usiku na kuzibandika jikoni, na jina langu lilikuwemo. Usiku mmoja akazaliwa mwanambuzi dhaifu asiyeweza kunyonya. Binti anajua, kwa kuwa alisoma kwa hamu ya mtu anayekaribia kuihitaji elimu hiyo, kwamba kondo la mbuzi halipitishi kingamwili za mama, kwamba kinga ya mwanzo yote imo kwenye dang'a, na kwamba uwezo wa utumbo kuzipokea hupungua saa baada ya saa na kufikia siku moja umekwisha. Akamkamua mama mtu, akamkausha mtoto kwa taulo, akamnywesha kidogo kidogo kwa chupa, akampaka iodini kitovuni. Mimi nilishika taa. Alipomaliza akafungua daftari lake akaandika saa na kiasi alichonyweshwa. Kibarua haandiki hivyo. Anaandika mwenye mali.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuja baadaye: madume. Shamba dogo la maziwa haliwezi kulisha kila dume linalozaliwa. Binti alilia, na sikumzuia kulia. Kisha akakaa mezani na bei ya nyasi kavu, bei ya pumba, na bei wanayotoa wanunuzi, akaamua nani auzwe na nani ahasiwe abaki. Nilitamani sana kumbebea mzigo ule. Sikumbebea, na alipompakia yule wa mwisho kwenye gari la mnunuzi, alimweleza yule mzee anakula nini na kwa saa zipi, kwa sauti ya mtu mzima.

Mdogo wake alitaka kuhamisha miche ya nyanya nje mwezi Aprili, maana jua lilikuwa limewaka wiki nzima na kila kitu kimechanua. Tukamwonyesha kumbukumbu za hali ya hewa: huku jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha, linaweza kurudi hata mwanzoni mwa Mei. Akasikiliza, akafikiri, akaamua kugawa miche nusu kwa nusu, ya nje na ya dirishani. Ya nje iliungua yote kwa usiku mmoja. Asubuhi hakuna aliyemgombeza. Alichomeka kipimajoto ardhini akaona njegere zake zimesimama wima kwenye udongo uleule uliokuwa baridi vilevile, akauliza kwa nini hizi zimeishi na zile zimekufa. Tuliishi na swali hilo siku kadhaa: maji ndani ya seli, barafu inavyoharibu utando wake, mimea iliyotoka nchi za joto na iliyozoea baridi. Sijawahi kumwona mtoto akitafuta jibu kwa njaa ile kwa ajili ya mtihani.

Kisha akampigia bibi yake Njombe. Bibi aliishia darasa la 4, na amelima viazi umri wake wote kwenye milima ambako jalidi hushuka Juni na Julai. Akamwambia mjukuu wake asitazame jua la mchana, atazame jioni: mbingu ikiwa nyeupe pee haina wingu, upepo ukatulia kabisa, funika miche yako. Ndivyo fizikia inavyosema pia, joto la ardhi hupotelea angani pasipo na wingu la kulizuia. Mtoto akayaandika maneno hayo. Kwenye jalada la sayansi litakalosomwa na mtathmini Juni hii, bibi yake ametajwa kama chanzo cha maarifa, kwa jina lake kamili. Mama yangu, ambaye kazi yake niliifanya kama adhabu!

Simu ile ikazaa somo jingine. Bibi alishangaa kusikia kuku wetu walikaribia kuacha kutaga Desemba na sasa wanataga kupita kiasi, kwa kuwa wake hutaga mwaka mzima kwa mpango wao. Wakachukua tufe la dunia. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mchana na usiku havipishani sana. Sisi tuko nyuzi 40 kaskazini: mchana wa Desemba una urefu wa saa 9 na dakika kidogo, wa Juni unafikia urefu wa saa 15, na kuku anataka mwanga wa saa kama 14 ili atage vizuri. Binti mkubwa anauza mayai hayo kando ya barabara. Daftari la mayai ni lake: chakula cha kuku, trei, mayai yaliyovunjika, faida. Faida anaigawa mwenyewe, na mwaka huu sehemu amemtumia bibi yake anunulie mbolea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Jioni za Aprili na Mei, kabla ya kuoga, tunakaguana kupe nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Pennsylvania ni kati ya majimbo yenye wagonjwa wengi zaidi wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nchini humu, na ndugu wanaohamia huku kutoka mijini naomba walichukulie hili kwa uzito. Nimeliingiza tu kwa sababu linaokoa watu.

Nayakubali machache, ingawa kwa shingo upande. Shamba hili halitulishi. Mume wangu ana kazi ya mshahara, na familia yenye mzazi mmoja au yenye wazazi wawili wanaokesha kazini haiwezi kuishi hivi, wala haipaswi kuona aibu. Upweke upo pia. Watoto wetu wanakutana na familia nyingine kila wiki, lakini binti mkubwa anatamani timu, na haki anayo: sheria ya jimbo ya 2005 inawaruhusu wanaosomea nyumbani kucheza kwenye timu za shule za wilaya yao. Msimu ujao ataenda. Na walimu wa darasani, wale wanaofundisha watoto sabini kwa chaki moja, nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Kwetu Tanzania sheria ya 1978 inamtaka kila mtoto aandikishwe shule ya msingi na kuhudhuria, na kwa hali ya vijiji ninavyovijua, ilikuwa sheria njema. Iliwatoa wasichana wengi jikoni, na mimi ni mmoja wa waliofaidika.

Kwa hiyo siwaambii mwachishe watoto shule. Nataka kitu kimoja, na nakitaka kwa dhati. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya stadi za kazi, sekondari, na kilimo ni moja ya fani zake. Hatuwezi kumwambia mtoto asubuhi kwamba kilimo ni taaluma, na jioni yake tukamtuma kulima kwa sababu amechelewa namba. Walimu wakuu, liondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu muhula huu huu. Kisha wapeni wanafunzi daftari la mapato na matumizi ya shamba la shule, lote, bila kuficha ukurasa. Wakae wachague zao la msimu. Wakikosea, mavuno yawaonyeshe. Siku ya kikao cha wazazi mmoja wao asimame asome hesabu, na pesa ikibaki, wao ndio waseme kama inunue mipira, vitabu, au mbegu.