Rubani mpya wa miaka 40: shida huanzia saa ya 201

Mhasibu wa miaka 38, mwenye kazi ya kueleweka Dar es Salaam au Nairobi, akitangaza kwamba anaacha ofisi akasomee urubani, hupata majibu ya aina mbili. Kuna watakaomwambia umri umempita, na kuna watakaomwambia elimu haina mwisho. Wote wanabishana mahali pasipo na tatizo. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga ambalo mamlaka za usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya, hulifuata, vinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani wa biashara awe ametimiza miaka 18. Umri wa juu wa kuanza haukuwekwa. Leseni ataipata. Swali ni nani atamwajiri akiwa na saa 200 tu za kuruka, zile zinazodaiwa na leseni hiyo, kwenye daftari lake la safari, na atakula nini wakati anasubiri.

Tuanze na afya, maana ni hatua ya bei nafuu kuliko zote na wengi huiacha iwe ya mwisho. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kitafutwe kabla ya kulipa ada hata ya wiki moja. Miwani si kikwazo: kila jicho likifika 6/9 kwenye kipimo cha kuona na yote mawili pamoja 6/6, hata kwa kuvaa miwani, mtu anapita, ila awe na miwani ya akiba ndani ya ndege. Watu wazima huangushwa na moyo, sukari, na presha ambayo hawakujua kuwa wanayo. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa mara ya kwanza, kisha angalau kila miaka 2 kuanzia umri wa miaka 30, na kila mwaka baada ya 50. Presha iliyotulizwa kwa dawa zinazokubalika kwa marubani haimfungii mtu mlango. Kifafa humfungia.

Halafu fedha. Tuchukue bei moja tu kwa mfano, dola 200 kwa saa. Saa 200 ni dola 40,000, na hapo hatujaingiza saa za ndege ya injini mbili, ambayo bei yake huwa juu zaidi, wala ada za mitihani, za mtahini na za kutua. Sasa weka mshahara ulioachwa: dola 1,500 kwa mwezi, miezi 24, ni dola 36,000. Hiyo ni karibu ada nyingine nzima, na kwenye hesabu za wengi haimo. Kijana wa miaka 20 anayelipiwa na wazazi hana gharama hiyo. Hapo ndipo umri unapouma kweli, wala si kwenye akili.

Je, asome huku akifanya kazi? Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima. Anayetoka ofisini saa 11 akapambana na foleni ya magari hana mwanga wa kutosha kwa somo. Asubuhi ndiyo yenye hewa tulivu, hasa Wilson, kiwanja cha Nairobi kilicho karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari: mchana wa nyuzi 25 hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 8,000, na Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, iliyojaa mafuta, mwanafunzi na mwalimu hupanda kwa kusuasua. Zinabaki Jumamosi na Jumapili, tena mvua isiponyesha na ndege isipokuwa imeingia karakana kwa ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Kuruka mara moja kwa wiki ni njia ghali kwa sababu sehemu kubwa ya somo huishia kurudia kilichosahauliwa. Leseni ya rubani binafsi inadai saa 40 kwa uchache, lakini wa wikendi asishangae kuimaliza na 60 au 70. Afadhali asome nadharia usiku nyumbani, hali ya hewa, urambazaji, sheria za anga na mengineyo, kisha achukue likizo ya wiki nne mfululizo aruke kila siku.

Jambo jingine ambalo shule hazilitangazi: muda wa kuruka huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea ili ipae hadi inaposimama. Robo saa ya kusubiri zamu kwenye kiwanja chenye shughuli nyingi inaingia daftarini na inalipiwa, bila kumfundisha mtu kutua. Ikijirudia kwenye safari 120, ni saa 30.

Sasa tuseme amefika, ana miaka 40 na leseni mkononi, pamoja na kibali cha kuruka kwa kufuata vyombo, bila kutegemea kuona nje. Leseni ya juu, ile ya rubani wa shirika la ndege, inataka saa 1,500. Katikati kuna saa 1,300 za kutafuta. Kazi ya kwanza kwa wengi Afrika Mashariki ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayopeleka watalii Mara, Serengeti na visiwani. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, lakini bima na wateja wengine hudai wawili, na hapo ndipo mgeni hupata kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi. Kuna kifungu wachache hukisoma: kwa viwango vya ICAO, saa za rubani msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja ambayo mamlaka imelazimisha iwe na wawili hazihesabiwi zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu. Kifungu hicho kikimhusu, akiruka saa 60 kwa mwezi anajiwekea 30, na saa 1,300 zitamchukua zaidi ya miaka mitatu na nusu. Mwalimu wa urubani anayeruka saa 40 tu kwa mwezi, zikihesabiwa zote, humaliza kwa chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo, kabla ya kushangilia kazi, aulize mamlaka saa zake zitaandikwaje.

Caravan ina mtego mwingine kwa mwenye mvi. Anayebeba abiria kibiashara akiwa rubani peke yake hupimwa afya kila miezi 6 badala ya 12 akishavuka miaka 40, na kwenye safari za kimataifa hukoma akifikisha 60. Penye marubani wawili kikomo ni 65. Kwa hiyo aliyeanza na miaka 38, akafikisha saa 1,500 akiwa na 44, ana miaka 21 mbele yake iwapo atahamia ndege kubwa, na 16 tu za safari za kimataifa akibaki rubani peke yake kwenye ndege ndogo. Miaka 21 si haba. Ila kuhamia huko kunadai kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege, na pasipokuwa na kampuni inayokilipia, ni deni jipya. Mwaka 2020, ndege zilipoegeshwa kwa sababu ya korona, marubani wenye maelfu ya saa walipunguzwa kazi na kurudi sokoni pamoja na hawa wa saa 200.

Wanaosema inawezekana nao wana hoja, na si ndogo. Mtu mzima hufika darasani amesoma, hukubali kughairi safari hali ya hewa ikiwa mbaya, na hana haja ya kujionyesha. Aliyekuwa mwalimu wa shule huwa mwalimu wa urubani bila kuhangaika sana, na kazi hiyo ndiyo inayojaza daftari. Mwenye nafasi nzuri kuliko wote, kwa maoni yetu, ni anayehama kutoka ndani ya sekta yenyewe: fundi wa ndege, mwongoza ndege, mhudumu wa abiria. Huyo anawajua wanaoajiri, nao wanamjua. Mhasibu wetu hana hilo, na atahitaji akiba ya kuishi angalau mwaka mzima baada ya leseni, mbali na ada.

Kama ameamua kujaribu, leseni ya rubani binafsi iwe kipimo chake. Ni takriban sehemu moja ya tano ya saa zote, na hata akiishia hapo bado ana kazi yake. Asilipe ada nzima kwa mkupuo. Alipe saa 10 kwa 10, kwa kuwa shule ikifungwa aliyelipa yote husimama foleni pamoja na wadai wengine. Siku ya kwanza shuleni aulize ni ndege ngapi zimeruka wiki hii, si ngapi zimeegeshwa uwanjani, na wahitimu kumi wa mwisho wako wapi sasa.