Inaboa au hujakaa nayo?

Kila tamthilia ya majoka na wachawi iliyotolewa kwenye vitabu ikianza tu, episodi ya pili haijaisha watu washasema inaboa, mbona wanapiga stori tu, vita lini. Siwalaumu sana, ila mi naona tunachanganya stori inayoenda polepole na stori isiyoenda popote.

Chukua Game of Thrones sizoni ya kwanza, 2011. Kuna sini mfalme Robert na mkewe Cersei wamekaa na mvinyo wao wanaongelea ndoa yao iliyokufa zamani, hakuna upanga wala joka. Kwenye kitabu haipo, iliandikwa sababu episodi zilikuwa fupi zikabidi zijazwe dakika. Yaani kijazio bana! Na hapo ndo unajua Cersei aliwahi kumpenda yule mlevi, hata baada ya kufiwa na mtoto wao wa kwanza, anamuuliza kama iliwezekana wapendane, jamaa anajibu hapana, basi. Baadaye anafanya unyama wa kila aina na wewe unamchukia huku ile sini bado iko kichwani, huwezi kumchukia kirahisi. Hata Ned, yule rafiki wa mfalme tunayemfuata toka mwanzo, kukatwa kichwa episodi ya 9 kunauma kwa sababu tumeshakaa naye nane nzima, ukimuua ya pili nani atalia?

Halafu angalia mwisho. Sizoni ya 7 episodi 7, ya 8 episodi 6, safari zilizokuwa zinakula wiki na wiki zikawa za dakika mbili, na Daenerys, yule malkia mwenye majoka, anachoma mji mzima. Mi sina shida na kuuchoma, dalili zilikuwepo toka zamani, ila hatukupewa muda wa kumwona akifika pale.

Wanaolalamika nao wana lao. House of the Dragon, stori ya kabla ya Game of Thrones, ilituacha Oktoba 2022, ikarudi Juni 2024 na episodi 8 badala ya 10, inaisha majeshi ndo kwanza yanaondoka. Hapo hata mi niliudhika, maana ukinikalisha karibu miaka miwili huwezi kunipa maandalizi.

Ila kukimbia nako hakujaokoa mtu. The Wheel of Time, tamthilia nyingine ya wachawi, imetoka kwenye vitabu 14, wakaipa episodi 8 kwa sizoni, ya kwanza ikaenda mbio mpaka majina yanakupotea. Kwangu mi sizoni ya tatu, 2025, ndo ilianza kupumua, watu wakapewa nafasi ya kuwa watu, na mwaka huohuo tamthilia yenyewe ikasitishwa.