Kuchezewa Mtoto

Jumapili iliyopita shemeji yangu aliteremka kwenye bajaji akiwa na woka mpya kabisa, kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto huketishwa ndani ili ajifunze kutembea, yenye vitufe vinavyoimba, akaiweka katikati ya sebule yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, na kutamka, kwa nia njema ambayo siwezi kumnyima, "Shemeji, sasa acheni kupoteza nauli mara mbili kwa wiki kwenda kuchezewa mtoto." Nilimshukuru kwa zawadi, nikamkaribisha chakula, na tangu siku hiyo neno hilo la "kuchezewa" limekataa kunitoka, maana anachokiita hivyo ni fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo inayomfundisha mwanangu kusimama.

Mwanangu ana miezi 15. Anakaa vizuri, anajipaka mlenda hadi masikioni na anamwita baba kila mwanamume anayepita mlangoni, lakini alipotimiza miezi 13 alikuwa bado anakunja miguu kila tulipojaribu kumsimamisha, kana kwamba sakafu inaunguza. Kliniki tulikokuwa tunampeleka tuliambiwa mara tatu kwamba watoto hawalingani. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ni kweli: Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilionyesha kwamba watoto wenye afya njema husimama dede kuanzia karibu na mwezi wa 7 hadi karibu na mwezi wa 17, na huo ni muda mrefu kweli. Hata hivyo, "hawalingani" ni jibu la kumpa mzazi ambaye mtoto wake ameshachunguzwa, si kisingizio cha kutomchunguza. Wetu, alipofika hatimaye kwa mtaalamu wa fiziotherapia, alionekana kuwa na misuli legevu ya nyonga na kiwiliwili.

Sasa niueleze huo mchezo wenyewe. Siku ya kwanza hata mimi nilivunjika moyo, kwa sababu nilitarajia mashine, au angalau mafuta ya kuchua, nikamkuta dada mmoja ameketi kwenye mkeka, mbele yake kigoda na kikombe chekundu cha plastiki. Alimkalisha mwanangu juu ya paja lake, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu barabara, akakiweka kikombe juu ya kigoda, mbele kidogo ya pale mkono wa mtoto unapofika, kisha akatulia. Hakumwinua. Alimshika nyonga tu, na mtoto alipoinama kukifuata kikombe, uzito ukahamia miguuni, makalio yakanyanyuka, magoti yakatetemeka, akarudi kukaa kwa kishindo. Alijaribu tena na tena, na mara ya sita akasimama kwa muda wa kupiga makofi mawili, akakinyakua kikombe na kukitupa.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mimi na mama mkwe tulikuwa tumekosea kwa miezi mingi. Sisi tulikuwa tunamshika viganja na kumvuta juu, mikono yake ikiwa imepita kichwa, huku tukimwimbia dede, naye akining'inia kama nguo iliyoanikwa, kazi yote ikifanywa na mabega yetu. Mtoto akishikwa nyonga, au kifua ikiwa bado ni mlegevu sana, miguu yake mwenyewe ndiyo inayobeba, na kadiri anavyopata nguvu ndivyo mshiko wa mtu mzima unavyopunguzwa, mpaka kinabaki kidole kimoja ambacho yeye anaamini kinamzuia asianguke. Baada ya hapo alifundishwa kupiga magoti mbele ya kigoda, kisha kuinuka kwa kutanguliza mguu mmoja, kisha kusimama kwenye kona ya chumba, ambako kuta mbili humlinda bila kumshika. Hila ninayoipenda kuliko zote ni ya kumpa kitu katika kila mkono, kwa sababu mikono iliyojaa husahau kushika ukuta. Haya yote tunayafanya nyumbani, mtoto akiwa pekupeku, dakika chache chache mara kadhaa kwa siku, ameshiba na ameshalala vya kutosha. Akianza kulia kwa uchovu, tunaacha.

Niambieni, woka inafanya lipi kati ya hayo? Mtoto huketi juu ya kitambaa na kusukuma sakafu kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, hajifunzi kuinama wala kuinuka, na ile misuli ya nyonga tunayoihangaikia hupewa likizo yenye muziki. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivi mwaka 2004, hasa kwa sababu ya watoto walioporomoka navyo kwenye ngazi. Nyumba yetu haina ngazi, lakini ina jiko la mkaa.

Kuhusu nauli, nakiri kwamba mimi nasema nikiwa mjini, na kwamba kwa mama anayetoka Kondoa au Mpwapwa jambo hili si la mzaha. Ila tunakwenda pale ili tufundishwe sisi wazazi, na sehemu kubwa ya tiba hubaki nyumbani, juu ya mkeka. Kuhusu jirani aliyeshauri tuchimbe shimo na kumfukia mtoto hadi kiunoni, nilimjibu kwamba Dodoma tunapanda zabibu, si watoto. Na mtoto anayetumia upande mmoja tu wa mwili, anayekakamaa, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, asisubirishwe hata wiki moja kwa ajili ya methali za watu.

Jana jioni shemeji alipita tena. Mtoto alikuwa ameshikilia kigoda, na baba yake mdogo, kwa mapenzi tu, akampa biskuti mbili, moja kila mkono. Kigoda kikaachwa. Mama mkwe akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, akafika tisa kabla mtoto hajakaa chini na kuanza kula.

"Mmeona?" akasema shemeji, uso umemjaa furaha. "Si niliwaambia woka itamsaidia?"

Woka iko stoo, nyuma ya magunia ya karanga, na haijatolewa tangu Jumapili.