Dola sabini, bila nauli

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu mzima, nina kibanda cha gemu pale Gungu, Kigoma, na heshima zangu ninazo. Lakini leo katoto ka darasa la tano kameweka pedi chini, kakaniangalia kwa huruma: "Mjomba, kwako Mbappé bado yuko Paris." Kakadai jero yake, kakaondoka na kijiji kizima.

Haya, gemu yangu ya mpira imezeeka, nikasema ninunue mpya, tena kihalali. Dola 70! Karibu laki mbili hizo. Na kwenye orodha ya nchi za duka la mtandaoni la PlayStation, Afrika Kusini ipo, sisi hatumo. Yaani ili nipokelewe hela yangu, lazima kwanza nijiandikishe kuwa Mmarekani, halafu nikanunue kadi ya namba za kulipia kwa kijana wa mjini ambaye naye ana cha juu chake.

Umeme sisemi.

Sokoni Mwanga, Mama Zawadi wa dagaa akaniona nimenuna. Nikamsimulia.

"Inakuja na treni?"

"Inakuja hewani, mama. Kwa bando langu."

"Haina gunia? Haina mpakiaji, haina ushuru?"

"Haina."

"Na haiozi?"

"Haiozi."

Akaacha kupima. "Baba, dagaa wangu Dar wana bei kwa sababu wamesafiri. Nikikuuzia bei ya Kariakoo hapahapa Mwanga utaniita mwizi. Huyo Mzungu nauli yake iko wapi?"

Nikajitia mjuzi. Nikamweleza kwamba zipo nchi hukatiwa bei yao. Kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Waajentina walilipa kwa peso na Waturuki kwa lira, bei chee, mpaka watu wa nchi nyingine wakawa wanajifanya Waajentina. Sarafu zenyewe nazo zikayumba, na Novemba 2023 wote wakahamishiwa kwenye dola.

"Kwa hiyo wenye hela wanajifanya maskini, wewe usiye nayo unajifanya Mmarekani?"

Soko zima likacheka. Mpaka muuza ndimu, ambaye hata hakuulizwa!

Na Mama Zawadi naye asijitie utakatifu. Lile kopo lake la kupimia limebonyezwa kitako hadi karibu nusu, kidole gumba kimo ndani, na hao dagaa mchanga wao unaweza kusakafia choo. Nyongeza ukiomba, anakurushia watatu, mmoja hana kichwa. Nikamwambia aligeuze kopo tulione kitako. Akaniuliza nimekuja kununua dagaa au kopo.